Herufi Mbili kwenye Mtindi

Bakteria aliyeupa sifa mtindi wa Fiti pale Mwanza anaitwa Lactobacillus rhamnosus GR-1. Jina refu kuliko la mfalme. Neno la kwanza ni ukoo, la pili ni aina, na zile herufi za mwisho ndizo za kwake peke yake, zinazomtofautisha na ndugu zake wengi wanaofanana naye. Mwaka 2020 wanasayansi waliupanga upya ukoo mzima, na sasa kwenye maandishi mapya anaandikwa Lacticaseibacillus rhamnosus. Herufi za mwisho hazikuguswa. GR ni zile zile zinazoanza jina la Gregor Reid, mwanasayansi mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi Kanada, ambaye pamoja na daktari wa mfumo wa mkojo Andrew Bruce walianza kumchunguza bakteria huyu miaka ya 1980.

Na alipatikana wapi? Kwenye mrija wa mkojo wa mwanamke mmoja mwenye afya njema. Ndivyo anavyotajwa: mwanamke mwenye afya. Basi.

Sisi tunaosoma hadithi tumezoea kuuliza nani anasimulia na nani anasimuliwa. Leo naomba tulipeleke swali hilo kwenye bakuli la mtindi, maana historia ya bakteria wanaotukinga na magonjwa imejaa watu wa namna hii. Mwenye mwili hana jina, mwenye darubini analo.

Chukueni mfano wa GG, ndugu wa karibu wa GR-1 na pengine bakteria aliyechunguzwa kuliko wote wa kundi lake. Herufi zake ni za Gorbach na Goldin, Wamarekani wawili waliomtenga miaka ya 1980. Alitoka kwenye utumbo wa mtu mzima mwenye afya. Mtu gani? Mtu.

Rudini nyuma zaidi, mpaka mwaka 1917. Ulaya iko vitani, na kuhara damu kunawamaliza askari kuliko hata risasi mahali pengine. Daktari wa Kijerumani, Alfred Nissle wa Freiburg, anakutana na askari mmoja aliyekaa kwenye eneo lililojaa ugonjwa, wenzake wakilala chini, yeye akabaki mzima. Nissle hakuishia kusema bahati. Alijiuliza ni nini kilichomo tumboni mwa huyu ambacho hakimo kwa wengine, akachukua kinyesi chake, akaotesha bakteria, akampata mmoja aliyekuwa mkali dhidi ya vijidudu vya ugonjwa. Akamtia kwenye vidonge vya gelatini. Vidonge hivyo, Mutaflor, vinauzwa mpaka leo, na bakteria anaitwa Escherichia coli Nissle 1917. Daktari yumo kwenye jina. Hata mwaka umo. Askari hayumo.

Huo mwaka 1917 una maana yake kwetu pia. Vita ile ile ilikuwa inapiganwa kwenye ardhi yetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na waliobeba mizigo yake ni Waafrika. Wale wa upande wa Waingereza pekee walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na waliokufa hukadiriwa karibu laki moja, wengi wao kwa maradhi, na kuhara damu kukiwa mstari wa mbele. Jina lao la jumla limebaki mjini: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Bila shaka kati yao nao walikuwemo waliokula chakula kibovu kile kile, wakanywa maji yale yale, na hawakuugua. Hakuna aliyewauliza matumbo yao yana nini. Ukiniuliza mimi, hapo pana riwaya inayosubiri mwandishi.

Lakini wazo lenyewe lilikuwa limeshazaliwa kabla ya vita. Mwaka 1892 Albert Döderlein, daktari wa uzazi wa Kijerumani, alieleza kuwa kwenye uke wa mwanamke mwenye afya huishi bakteria wanaotoa asidi ile ile ya maziwa yaliyoganda, na kwamba asidi hiyo huwazuia wengine wenye madhara. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kushangaza. Hiyo ni miaka ambayo Koch na Pasteur walikuwa wamewafundisha watu kuogopa kila kidudu. Sasa mtu anasema kuna vidudu walinzi.

Halafu akaja Élie Metchnikoff. Huyu alizaliwa 1845 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akafanya kazi Taasisi ya Pasteur jijini Paris, na mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa kinga ya mwili. Watu wengi hudhani aliipata kwa ajili ya mtindi. Hapana. Mtindi ulikuwa shauku yake ya uzeeni. Aliamini uzee unaletwa na sumu za bakteria waozeshaji wa utumbo mpana, na kwamba wakulima wa Bulgaria walikuwa wanaishi miaka mingi kwa sababu ya kunywa maziwa yaliyoganda. Aliliandika hilo kwenye kitabu chake cha 1907 juu ya kurefusha maisha, na Paris nzima ikakimbilia mtindi. Miaka miwili kabla, mwanafunzi wa Kibulgaria, Stamen Grigorov, alikuwa ameshamtambua bakteria wa mtindi wa kwao akiwa maabara huko Geneva. Metchnikoff mwenyewe alikunywa maziwa yake kwa bidii na akafa 1916, akiwa na miaka 71. Waliomcheka walicheka.

Waliomcheka walimkosea kidogo. Hoja ya kuishi miaka mia haikusimama, lakini swali lake lilisimama: je, badala ya kuua vijidudu tu, tunaweza kuwapanda wengine? Penisilini ilipofika, swali likawekwa kabatini kwa miongo kadhaa. Nani ahangaike na kupanda kama kuua kunafanya kazi?

Sasa turudi ziwani. Kwetu Nyakato ya Musoma (nasema ya Musoma kwa sababu Mwanza nako kuna Nyakato, na watu huzichanganya) kuna mtindi, kuna maziwa mgando, na kuna yogati. Kwa mtu wa dukani ni vitu vitatu. Maziwa mgando ni yale yaliyojigandia yenyewe kwenye chombo, mtindi unaweza kuwa hayo hayo au umepigwa na kutolewa siagi, yogati ina kikombe chenye lebo na sukari. Kwa bakteria tofauti iko kwingine: je, mbegu ni ya nyumbani au imenunuliwa?

Kibuyu ni teknolojia, tusione haya kusema hivyo. Katika jamii za wafugaji kuanzia Mara kwetu hadi Bonde la Ufa, kibuyu husafishwa, hufukizwa kwa moshi wa mti maalumu, kisha maziwa hutiwa na kufungwa. Bakteria wanaobaki kwenye kuta za chombo ndio mbegu. Wanakula sukari ya maziwa, wanatoa asidi, uchachu unapanda mpaka vijidudu vingi vya kuharisha vinashindwa kuzaliana. Mtafiti wa Kenya, Julius Mathara, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa maziwa ya kibuyu ya Wamasai na kuwapata bakteria wa kundi hilo la Lactobacillus kwa wingi. Baadaye wakaonyesha kuwa baadhi yao wana sifa zile zile zinazotafutwa kwa bakteria wa tiba, kama kuvumilia asidi ya tumbo na nyongo. Yaani akina mama wa Kimasai walikuwa na benki ya mbegu ukutani muda wote huo.

Ila sitaki kukipamba kibuyu kupita kiasi, maana siku hizi kuna uandishi unaofanya kila cha bibi kiwe dawa. Uchachu wa maziwa hauui kila kitu. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, ambao binadamu huupata kwa maziwa mabichi na humpa homa za kurudi rudi na maumivu ya viungo, hauondoki kwa uhakika kwa kugandisha peke yake. Ukitaka uhakika, chemsha kwanza. Na hapo ndipo shida inapoanza: ukichemsha umeua wabaya na wazuri pamoja, na inabidi uwarudishe wazuri kwa mkono. Mtindi wa Mabatini ulihitaji hatua hii.

Kabla ya Mabatini lazima niseme kilichokuwa kinatokea. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Anayetoka Kanda ya Ziwa na ana umri wangu, miaka thelathini na kitu, hahitaji kuelezwa miaka ya tisini ilikuwaje. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji vya mkoa wa Mwanza: vituo vya afya viliwezeshwa kutibu vizuri magonjwa ya kawaida ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40 kulinganisha na vijiji vingine. Matokeo yalitoka mwaka 1995 na yakasomwa dunia nzima. Hoja iliyojitokeza ilikuwa rahisi: hali ya sehemu za siri, afya ya ngozi yake laini, na wanaoishi pale, vina neno katika kuambukizwa au kutoambukizwa. Döderlein, miaka mia moja baadaye, alikuwa na kazi ya kufanya Mwanza.

Reid na wenzake walikuwa wanafuatilia jambo hilo hilo kutoka Kanada. Mwanamke akipungukiwa na bakteria walinzi, wengine wanashika nafasi, uchafu wenye harufu unatoka, na hatari ya kuambukizwa VVU inaongezeka. Mwaka 2001 Reid aliongoza jopo la wataalamu wa FAO na WHO huko Córdoba, Argentina, lililotoa maelezo yanayotumika mpaka leo: probiotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humpa afya anayevipokea. Angalieni maneno mawili hapo: hai, na cha kutosha. Yanakata sehemu kubwa ya matangazo ya biashara.

Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, ulioitwa Western Heads East, ulifika Mwanza na bakteria wake. Walishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, na shirika la haki za wanawake la Kivulini. Waliopewa kazi ya kutengeneza mtindi ni kikundi cha wanawake wa Mabatini kilichoitwa Tukwamuane.

Naomba tusimame kwenye jina hili. Kukwamua ni kumtoa aliyekwama, kama gari kwenye tope la masika. Kukwamuana ni pale ambapo wote mmekwama na kila mmoja anamvuta mwenzake. Sijui lugha nyingine inayosema hivyo kwa neno moja. Na wakauita mtindi wao Fiti, yaani mzima, ngangari, aliye sawa.

Kazi yenyewe haina ushairi. Maziwa yanapokelewa asubuhi, yanapashwa moto mpaka yanakaribia kuchemka na kushikiliwa hapo, yanapozwa hadi joto la mwili, yanatiwa mbegu, yanafunikwa, yanasubiriwa. Joto likizidi unaua mbegu. Likipungua hakigandi kitu. Chombo kikiwa kichafu anaota mgeni. Umeme wa kwetu mnaujua. Mwanasayansi anaweza kumhifadhi bakteria kwenye barafu kali kwa miaka, lakini mtindi wa leo unategemea mtu aliyeosha sufuria vizuri jana jioni. Hao ndio waliolifanya lile neno "hai" la Córdoba liwe kweli pale Mabatini, na kwenye maandishi ya Wakanada walipewa jina la utani, Mama wa Yogati. Jina la kundi tena.

Je, ulifanya kazi? Hapa ndipo simulizi nyingi za mradi huu hupita haraka, nami nitakaa kidogo.

Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi uliowaangalia watu wenye VVU wa Mwanza waliokuwa wanakunywa mtindi huo na wengine wasiokunywa. Kinga ya mwili, ile inayopimwa kwa CD4, ilikuwa imepanda zaidi kwa wanywaji. Habari njema, na ilisambaa. Lakini uchunguzi wa namna ile una kasoro inayojulikana: anayeweza kufika kuchukua mtindi kila siku huenda ana vitu vingine pia, kama chakula, nauli, au ndugu wa kumsindikiza. Hivyo zikafanyika tafiti ngumu zaidi, ambazo wagonjwa hupangwa kwa bahati nasibu. Wanawake 65 wenye VVU walipewa vidonge vya GR-1 na mwenzake RC-14, au vidonge visivyo na kitu, kwa miezi sita. Havikuponya ile hali ya uke kuliko vidonge vitupu. Kisha watu 112 ambao hawajaanza dawa walikunywa mtindi kwa wiki nne, wengine wenye bakteria na virutubisho, wengine wenye virutubisho tu. CD4 hazikutofautiana.

Mnaona mzigo uliopo hapo. Mwaka ule ule wa 2004 mtindi ulipoanza, serikali nayo ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa ARV bure. Vitu viwili viliingia mji mmoja kwa mlango mmoja. Kimoja kilibadilisha kabisa maana ya kuwa na VVU. Kingine kilikuwa chakula kizuri, chenye protini, kinachotuliza tumbo la watu wengi. Kuvichanganya kungekuwa hatari. Na mwaka 2011, matokeo ya utafiti wa wale watu 112 yakiwa yanachapishwa, nchi ilikuwa imeelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wapo walioacha ARV kwa ajili ya safari ile. Kwa hiyo ninaposoma matokeo yanayosema "hakuna tofauti", siyasomi kama kushindwa. Watafiti walikuwa na kila sababu ya kutaka mtindi wao ushinde, wakapima kwa kipimo kigumu, wakachapisha walichokuta. Nchi yenye njaa ya dawa inahitaji sana karatasi za namna hiyo.

Wala mtindi haukuishia hapo. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mwingine wa Mwanza, mdogo, wa majaribio, juu ya zebaki na metali nyingine zenye sumu. Wajawazito waliokunywa mtindi wa GR-1 walionekana kukingwa na ongezeko zaidi la zebaki na aseniki kwenye damu. Kwa watoto wa shule matokeo hayakuwa wazi hivyo. Walioandika walikiri ni mwanzo tu. Lakini msomaji wa Mara hawezi kupita hapo bila kusimama: Buhemba iko wilayani Butiama, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanakamata dhahabu kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Mtindi si badala ya kuondoa zebaki. Ni kitu cha kumpa mama mjamzito wakati wengine wanabishana juu ya kuiondoa.

Upande wa Uganda, wakati huo huo, Waholanzi wa Yoba for Life walifanya jambo ambalo mimi naliona ni la kijanja kuliko yote katika historia hii. Hataza ya GG ilikuwa imeisha muda. Wakamchukua bakteria yule yule, wakamwita yoba 2012, wakamkausha na kumtia kwenye vipakti. Kipakti cha gramu moja kinagandisha lita 100 za maziwa. Lakini GG ana kasoro ya kuchekesha: hawezi kula sukari ya maziwa. Ukimwacha peke yake kwenye maziwa anakaa tu kama mgeni wa mjini shambani. Inabidi awekewe mwenzake, Streptococcus thermophilus, bakteria wa kawaida wa mtindi, amvunjie sukari ile ndipo naye ale. Aliyechunguzwa kuliko wote analishwa na asiyejulikana. Baadaye miradi hii miwili ilishirikiana, na Fiti nayo ikaingia kwenye vipakti, ikasambaa nje ya Mwanza.

Kipakti kimerahisisha mambo, lakini kimeleta utegemezi wa aina mpya. Mbegu ya kibuyu ulikuwa unaazima kwa jirani; kipakti unaagiza. Ukijaribu kuendeleza kwa mtindi wa jana, uwiano wa wale wawili hubadilika, na baada ya mizunguko kadhaa huna hakika tena unamgawia mtu nini. Wenye vikundi wanalijua hili, ndiyo maana wananunua tena.

Ningependa siku moja nisome utafiti kama wa Mathara uliofanywa kwenye vibuyu vya Wakurya, Wazanaki na Wajita, bakteria mmoja baada ya mwingine, akiwa amepimwa kama anazuia kuhara kwa watoto wa hapa. Na atakapopatikana mmoja mzuri, akaandikiwa zile herufi za mwisho, ningependa kujua zimetoka kwa nani. Sufuria litakuwa la mama fulani, pengine wa hapa hapa Nyakato. Atakuwa amelisafisha jioni, amelifunika kwa kitenge, na ana jina.